Jina la Baba Mbele ya Watu

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza ile riwaya ya karani mwongo. Mwisho mbovu! Mwandishi kamuua mtu wake kwa malaria ghafla tu, utadhani alikuwa anawahi basi. Lakini katikati mle ni utamu mtupu. Karani anajidai anajua kila kitu, na watu wanamwamini kwa sababu ana kalamu mfukoni. Nilicheka peke yangu mpaka Scholastika akauliza nimepatwa na nini. Mke wangu ana maswali ya kipolisi.

Mvua zimeanza kwa fujo. Ukungu umeshuka toka msituni hadi kwenye paa la kanisa. Tembo wamepita kwenye mahindi machanga ya jirani, wakaacha maboga kama walivyoyakuta. Wastaarabu hao.

Kwenye kahawa leo watu wanabishana mambo ya kwetu kule juu, Ngorongoro. Nani ahame, nani abaki. Mmoja akadai wale wafugaji ni wa kuja juzi tu, ati kasikia mahali. Karatu nzima inajua mimi ni wa kule. Nilinywa kahawa yangu nikanyamaza. Na mimi ndiye mwalimu wa Historia!

Jumanne, 11 Machi

Patrisi, mwenzangu wa Jiografia, kaniletea kitabu cha zamani. Mgeni alikisahau lodji anakofanya kazi dada yake Patrisi. Kiingereza, jalada limetafunwa na mende. Mzungu daktari wa mifugo anasimulia alivyozunguka Ngorongoro kabla mimi sijazaliwa. Ana kiburi, jamani! Ng'ombe wetu anawaeleza vizuri kuliko sisi wenyewe. Lakini jinsi anavyoandika ukungu unavyojaa kreta alfajiri, halafu jua linavyoanza kuunywa taratibu toka kingoni... nimemvulia kofia.

Halafu — nilikuwa koridoni naelekea darasani, nasoma huku natembea — nikaona jina. La baba yangu! Na la baba yake, na la chemchemi yetu. Kijana mrefu mwenye sikio lililochanika, aliyempeleka mzungu kwenye maji akakataa kunywa kabla ndama hawajanywa. Ni yeye. Sikio lile nalikumbuka, nilikuwa nalishika nikibebwa. Alikufa nikiwa mdogo, sina kingine cha kumkumbukia.

Kidato cha pili wamenisubiri kipindi kizima. Nilikuwa nimeegemea ukuta nalia.

Nimempigia kaka Mepukori, ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe. Sikumwambia kilichomo, nimesema tu nina kitu kikubwa. Anasema Jumamosi kijiji kinakutana kujipanga, maana wiki inayofuata kuna wageni wa serikali wanakuja kusikiliza wananchi. Njoo, anasema, wewe ndiye tuliyekusomesha. Nitakwenda! Na kitabu mkononi. Wa kuja juzi, eti!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeharibu.

Kwetu marehemu hatajwi jina. Hilo hufundishwi, unakua nalo. Nyumbani kuna neno moja la kawaida kabisa hatulitumii kwa kuwa linafanana na jina lake. Tuna letu jingine, na hata majirani wakija wanalizunguka. Yeyo — mama yangu — hakumwita mumewe jina hata alipokuwa hai. Alimwita baba yake Mepukori. Haya yote nayajua. Nilikuwa nayajua asubuhi nikifunga viatu!

Ni kile kitabu. Kitabuni jina limekaa kwenye mstari wake, halimdhuru mtu. Wiki nzima nimelisoma, kwa Patrisi, kwa Scholastika, nimelizoea mdomoni kama jina la mji. Basi nikasimama uwanjani mbele ya wazee, nikafungua ukurasa, nikatafsiri kwa Kimaasai, nikalitamka. Kwa sauti ya darasani. Nikalirudia! Niliona watu wa nyuma kama hawajasikia.

Walisikia. Yeyo alikuwa amekaa na kina mama. Akavuta shuka kichwani, akainuka, akaondoka bila kugeuka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa bado nasubiri makofi. Naandika hivyo maana ndiyo kweli. Nilikuwa nasubiri makofi.

Mepukori kanivuta kando. Hakugomba, angegomba ningepumua. Aliuliza tu: Koinet, huko Karatu mnakula nini?

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nilikwenda mlangoni kwa Yeyo kumwamkia. Niliinamisha kichwa anishike utosini, kama anavyonishika tangu nizaliwe. Mimi mwenye mvi, baba wa watoto, nimeinama pale mlangoni. Niliona miguu yake, niliona shanga za kifundoni. Mkono haukuja. Nikabaki nimeinama hadi shingo ikauma, kisha miguu ikarudi ndani.

Chai nililetewa na Nosim, mke wa kaka. Kaweka kikombe chini, kaangalia pembeni. Natamani ardhi ipasuke.

Pale kwenye geti la hifadhi wakati wa kurudi kulikuwa na foleni ya magari ya watalii. Nyani mmoja alikuwa anamnyang'anya mama wa watu ndizi dirishani, watu wanapiga picha, wanacheka. Nami nilicheka. Sijui nilipata wapi sura ya kuchekea.

Jumatano, 19 Machi

Sisomi kitu. Nimefungua kitabu cha ndege, hondohondo wote wanafanana. Nimekifunga.

Scholastika haoni shida iko wapi. Yeye ni Mwiraqw na Mkatoliki. Kwao marehemu wanatajwa misani, Novemba nzima, majina yote, na familia inafurahi. Nilimjibu vibaya. Akasema sawa, gombana na mimi kama ndiyo itakupa radhi ya mama yako. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Patrisi naye ananipigia debe stafu nzima. Ushahidi huo, mwalimu! Piga fotokopi! Anauliza wazee walifurahi kiasi gani. Nimesema walifurahi sana. Sasa na uongo juu yake.

Jioni kapiga Mepukori. Wageni ni Jumamosi hii. Wazee wamekaa wakagawanyika. Wapo wanaosema ukurasa usomwe, jina na yote, kwa sababu ni maandishi ya mtu wa nje, na ndiyo pekee yanayotuweka kwenye chemchemi ile zamani. Wengine wanasema hata wakifukuzwa kesho, hapana. Mwisho wamesema mwenye neno ni mama. Nani akamuulize? Hakuna anayethubutu. Mepukori anasema aliyekoroga ndiye anywe.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefika nyumbani jioni. Yeyo alikuwa anakamua. Nilichuchumaa mbali kidogo, sikuinamisha kichwa. Niliogopa.

Nimemwambia yote, wageni, wazee, ukurasa. Aliendelea kukamua. Kisha akauliza huyo mzungu kaandika nini kingine. Nikamsimulia, safari hii bila jina: kijana, sikio, chemchemi, alivyokataa kunywa kabla ya ndama. Mzungu anasema hapo ndipo alipoona heshima ya watu hawa kwa mifugo.

Yeyo akacheka! Akacheka hadi ng'ombe akasogea. Heshima gani? Wasichana walikuwa wanateka maji, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Baba yake Mepukori alikuwa amechanika nguo nyuma. Angeinamaje anywe?

Nilicheka pia. Kwa dakika ile nilidhani nimesamehewa.

Akafuta mikono. Akasema: miaka yote hii nimemfunika. Wewe umemfunua uwanjani, kwenye jua, kama ngozi ya kuanikwa. Akauliza: hao wageni wakishasikia jina, watatupa nini?

Nikasema pengine watatuacha tukae.

Pengine, akasema. Akarudi kukamua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nami sikuuliza tena. Niliona haya hata ya kumwambia lala salama.

Jumamosi, 22 Machi

Darasani, shule ya msingi ya kijiji. Naandika kwenye dawati la mtoto, magoti yamegota. Mvua inapiga bati, hakuna anayesikika, kikao kimesimama hadi ipungue.

Wageni si watu wabaya. Hilo ndilo linanisumbua. Mkubwa wao ni mzee mpole mwenye miwani, kamwamkia kila bibi. Mepukori kampa kitabu, kidole juu ya mstari wenyewe, ili jina lisitamkwe. Nilishukuru. Nikajua yamekwisha, asome mwenyewe kimyakimya, tuendelee.

Akasoma. Akasema vizuri sana. Halafu akasema kitabu hiki ni maneno ya mtu wa mbali, sisi tumekuja kuwasikiliza ninyi. Nani wa ukoo huu asimame hapa atuambie mzee huyu aliitwa nani, na ni nani kwake? Liingie kwenye kumbukumbu kwa sauti ya mwenyewe.

Chumba kizima kikanigeukia. Yule wa Jumamosi iliyopita, mwenye sauti ya darasani, leo sauti imekwenda wapi? Nilifungua mdomo. Mvua ikanyesha. Niliishukuru mvua kama mtoto ambaye hajafanya hesabu.

Nimwambie hatutaji? Atasema anaheshimu mila, ataandika kwamba hakuna aliyethibitisha. Nitaje? Yeyo yuko pale, benchi la kwanza la kina mama, mikono mapajani. Tangu tuingie hajanitazama.

Inapungua. Yule mzee anafuta miwani, ananiangalia. Mepukori ananiangalia.

Yeyo amesimama. Nilidhani anatoka, na kusema kweli nilitamani atoke. Haendi mlangoni. Anapita katikati ya madawati, anakuja mbele, anaweka shuka vizuri begani kama mtu mwenye neno. Mzee wa miwani amemvutia kiti, amekikataa.

Ni mimi niliyetakiwa kuwa pale. Nilipaswa kujua namna ya kumzuia, au namna ya kusimama naye. Mungu anisamehe, ninachokisikia moyoni ni ahueni, na bado nimekaa naandika.