Ubeti Mmoja Mmoja

Kilibula, Uvira, 12 Machi 2023

Mjomba Sévère,

Leo nakueleza yote, nisifiche hata jambo moja. Kwanza nakusalimu wewe na watu wa studio yako huko Bukavu. Hamjambo? Sisi tuko wazima, ila kifua cha Mama bado kinambana, na daktari amemkataza kuimba.

Flashi za albamu uliyoirekodi na kwaya yetu zimefika sokoni. Mama alikwenda kununua moja asikie sauti yake. Bei ya flashi moja ni beseni zima la samaki wa ndagala. Akamwomba muuzaji ampigie wimbo mmoja tu. Akajibiwa, "Mama, hapa si redio." Watu wakacheka.

Waimbaji wenyewe uliwapa soda, basi. Na Mama ni dada yako. Tafadhali mtumie moja.

Mwipwa wako,
Noella

Bukavu, 20 Machi 2023

Mwipwa wangu Noella,

Salamu nyingi. Miye niko muzima. Poleni na kifua cha dada.

Weye unasoma sana, lakini biashara hujaisoma. Nani analipa mafuta ya jenereta? Nani analipa fundi wa sauti? Nikimupa dada bure, kesho kwaya nzima iko mulangoni. Bei iko moja kwa wote. Akitamani kujisikia, aimbe akiosha vyombo.

Pasaka nitakuja kwa uzinduzi wa albamu. Mukumbuke desturi: kila wimbo ubeti mmoja, kisha munanyamaza. Watu wakibaki na hamu, watanunua.

Mjomba wako,
Sévère

Kilibula, Uvira, 11 Aprili 2023

Mjomba,

Natumaini ulifika salama, maana uliondoka bila kuaga na bila kula.

Usidhani kwaya ilisahau desturi. Mimi ndiye niliyewasomea barua yako mazoezini, pamoja na yale maneno ya vyombo, nikayarudia kwa waliokaa nyuma. Mama Bénédicte, kiongozi wetu, akasema, "Basi tutawaimbia mpaka washibe." Ndiyo maana baada ya ubeti wa kwanza hatukunyamaza. Tuliimba kila wimbo mpaka mwisho, na watu wakainua simu wakarekodi. Sehemu za Mama niliziimba mimi. Ulipotupungia mkono tuache, nilikuona, nikazidisha sauti.

Padri ameniuliza kama ninajuta. Nimemjibu, bado.

Sasa nyimbo ziko katika kila simu ya Kilibula, bure, na masanduku yako yamelala kwa muuzaji. Lakini katika simu zote hizo, sauti ni yangu. Ya Mama iko kwenye flashi zako tu. Jana ameniuliza tena kama umejibu, maana barua yako sijamwonyesha.

Kwa hiyo, Uvira nzima, umebaki na mnunuzi mmoja. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi kesho, mpe jibu: sasa bei ni ngapi?

Mwipwa wako,
Noella