Mlango wa Yaya Mwajuma

Jumapili, 9 Juni

Nyangezi tena, na vumbi lake. Magoti yananung'unika. Daktari aliniambia nitembee kwa ajili ya sukari. Hakusema nitembee na watu wanaogonga mawe kwa nyundo. Lakini ndio niliowapata. Kiongozi wetu ni Madame Nsimire, mwalimu wa jiolojia, mwembamba, hachoki. Leo katuonyesha jiwe jeupe, gumu, ambalo zamani lilikuwa mchanga tu. Zamani sana, kabla hata samaki hawajakuwepo. Nimelibeba. Aibu kusema, lakini nimefurahi kuliko siku niliyofungua duka langu la vitenge.

Nikarudi kwa kupitia Cimpunda, kumwona Mwajuma; kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. Kautazama mfuko wangu.

"Mawe inakuliwaka?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mlango wake umekwama tena. Nimeingia kwa bega.

Jumanne, 18 Juni

Fundi kaupiga randa mlango wa Yaya. Mtaa mzima ndivyo wanavyofanya. Mlango ukikwama, umevimba. Umevimba, mwite fundi. Mwaka huu mara ya ngapi, sijui.

Yaya ameokota maranda yote, kayatia kikapuni. Mlango ni wa mvule, aliutengeneza marehemu mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Maranda hayatupi. Hata kuwashia moto hataki.

Jumapili, 30 Juni

Kisiwani Idjwi. Mashua ya injini. Nimetapika, nimejuta, nimefika.

Halafu mawe yanayometameta kama magamba ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Madame kasema ziwa letu ni bonde lililozibwa na volkeno: maji yalikuwa yakienda kaskazini, yakakosa njia. Nimezaliwa kando ya ziwa hili na sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Namshukuru Mungu kwa ugonjwa wa sukari. Sikutegemea kuandika maneno hayo.

Jumapili, 14 Julai

Leo hatukwenda mbali. Mteremko nje ya mji. Udongo mwekundu juu, chini yake jiwe la volkeno lililooza, laini kama sabuni iliyolowa. Miti imepinda chini, kwenye shina, kisha ikanyooka kutafuta jua. Kilima kinatembea, kasema Madame, polepole, na kinabeba kila kilicho juu yake.

"Munajua nyumba inatuambiaka namna gani? Mulango inakataa kufunga. Hata mu saison sèche."

Nilisikia baridi, na jua lilikuwa kali. Tuko katikati ya kiangazi. Mlango hauvimbi kwa jua.

Alhamisi, 18 Julai

Madame amekuja nami Cimpunda, Mungu ambariki. Katazama nyuma ya nyumba, pale marehemu shemeji alipokata mguu wa kilima apate nafasi ya jiko. Kapaka plasta juu ya ufa wa ukuta. Anaiita témoin, shahidi. Ikikatika, nyumba inatembea.

Yaya katupa chai ya tangawizi. Kasikiliza kwa heshima zote. Hakusikia kitu.

Jumatatu, 5 Agosti

Plasta imekatika katikati.

Nimemwambia Yaya ahamie kwangu Nyalukemba kabla ya mvua. Nimebembeleza, kisha nimepaza sauti.

"Sitoki. Bwana yangu aliniachaka hapa. Niache mulango yake, niende wapi?"

Nimelia njiani, mtu mzima na ndevu zangu. Naogopa Septemba na mvua zake.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimelala na maneno yake siku zote hizi. Hakusema aache nyumba. Alisema mlango.

Baada ya swala nimekwenda na fundi. Sikuomba ruhusa. Tumeung'oa kwenye bawaba, fundi kaubeba kichwani, tumeteremka. Yaya nyuma yetu, anatukana, kitenge mkononi. Cimpunda nzima imecheka. Wacha wacheke.

Jioni godoro lake likafika. Na kikapu cha maranda.

"Nimefuata mulango yangu," kasema. "Wewe, sikukufuata."

Jumamosi, 24 Agosti

Fundi kaufunga mlango kwenye chumba cha nyuma. Fremu yangu imenyooka, kaipima mwenyewe. Mlango ukafungwa, na juu ikabaki nafasi ya mshazari: upande mmoja kidole hakipiti, upande wa pili kiganja kizima.

Shemeji aliutengeneza umenyooka. Sisi ndio tuliokuwa tukiukata, mwaka hadi mwaka, ufanane na nyumba inayoanguka.

Yaya kapitisha mkono pale juu. Taratibu. Hakunitukana tena.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua kubwa mchana. Kilima kimeshuka. Kimechukua jiko la Yaya na chumba alichokuwa akilala. Chini yake ni migomba tu. Hakuna aliyeumia.

Habari ilipofika, Yaya alikuwa hapa kwangu, barazani, anachambua maharage. Kaweka ungo chini. Kisha kauchukua tena.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Jumapili, 22 Septemba

Njia zimejaa matope, hakuna matembezi. Nimemtumia Madame maneno ya shukrani.

Fundi alitaka kuziba ile nafasi kwa kipande cha ubao. Yaya kakataa. Lakini mlango haushiki vizuri, upepo wa ziwa unauchezesha.

Asubuhi hii nimeukuta umetulia. Chini imetokeza ncha ya jiwe langu jeupe la Nyangezi: Yaya kaukaza nalo kwa ndani. Hakuniomba. Mwanga ulikuwa unapita juu ya mlango, mwembamba huku, mpana kule, na ndani nilimsikia anakoroma. Nikaenda kuchemsha chai ya watu wawili.