Kidevu cha Papa, Mkono wa Mama

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa wote mnaolala hapo nyumbani Katoyi. Mama ameamkaje? Kikohozi cha vumbi kimemwachilia? Na macho yake, bado anaona mwanga wa mlangoni, au hata huo umekwenda? Mimi huku Ubelgiji ni mzima. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama huwa anasikia kila kitu kwenye simu yako, na hili nataka ulijue kwanza wewe.

Unajua kazi yangu ni kusuka nywele. Saluni ina vioo mbele na pembeni, kutwa nzima najiona kwa ubavuni: mdomo, halafu shingo. Kidevu hakuna. Ni kile cha papa, baba yetu, Mungu amlaze pema, na wewe unakumbuka walivyonicheka shuleni Murara. Nilichoka, yaya. Nikaenda kwa daktari anayeweka kipande cha silikoni juu ya mfupa wa kidevu.

Aliniambia njia ni mbili. Ya kwanza anapasua chini ya kidevu: jeraha ni rahisi kulitunza, unakula mapema, ila kovu dogo linabaki hapo. Ya pili anapitia ndani ya mdomo: nje hakuna alama, lakini jeraha hupata usaha kwa urahisi zaidi, unakunywa vya majimaji tu na kusukutua kila mara. Yeye alipendelea ya kwanza. Nani atachungulia chini ya kidevu chako, akaniuliza.

Mimi namjua anayepita hapo. Tangu macho yaingie giza, mama anatusalimu kwa kidevu. "Kuya nikushike," kidole gumba chini, vingine shavuni. Kwako husema, "Uyu ni Masika, mufupa ya kwetu." Kwangu alikuwa anakawia. "Uyu njo wa papa yake." Huwa ni baada ya misa, yuko kwenye kiti chake karibu na ukuta wa mawe meusi, na sombe inanukia jikoni. Kiti kile ninakililia kuliko kitu chochote cha Goma. Basi nikachagua njia ya mdomoni, gumba lake lisikute kovu.

Daktari alinipa vipande vya kujaribishia, na kioo. Kioo nilikiweka mezani. Nilifumba macho, nikajishika kama mama anavyoshika, nikachagua kilicho kidogo kuliko vyote. Daktari alicheka, akasema hajapata mgonjwa wa namna hiyo.

Baada ya kupasuliwa nilivimba hadi shingoni. Nilikunywa uji na supu huku nikiwaza fufu na visamaki vyako vya sambaza. Mwenzangu wa saluni, Mkameruni, yeye alipasuliwa chini ya kidevu. Muda si mrefu alikuwa anatafuna nyama mbele yangu. Nilimchukia kidogo. Sasa uvimbe umeshuka, na kwenye vioo ninajipenda, sikufichi. Ila kidevu kilikufa ganzi. Daktari anasema mishipa huamka polepole. Nilikuwa najigusa nalia, si kwa maumivu. Niliogopa mama atanishika na mimi nisisikie mkono wake.

Leo asubuhi nilinawa uso, na upande wa kushoto nikasikia ubaridi wa maji. Noeli ninakuja, nitapitia mpakani Gisenyi.

Nisalimie shemeji na chukudu yake ya kubebea mizigo, na mama mdogo wa Mugunga, na baba mdogo anayefundisha watoto katekisimu. Mama mwambie tu kwamba ninakuja. Siku hiyo nitakapoingia usinitaje jina, na mimi sitatoa sauti. Nipeleke mbele ya kiti chake umwache anishike. Akisema mimi ni wa papa yangu, nitamweleza yote mwenyewe. Akiuliza, "Uyu ni nani?", yaya, nijibie wewe, maana mimi sitaweza.

Mdogo wako anayekupenda,
Kavira