Alama ya Mzinga Chini ya Lori

Jumatatu, 7 Februari 1955

Lori jingine tena. Hili limeliwa na kutu mpaka mbavuni. Ireri anasema lingezikwa tu, na mchungaji aitwe.

Siku nzima nimelala chali chini yake na brashi ya waya. Vumbi la kutu machoni, puani, mpaka kwenye uji. Kazi ni ileile — kwangua hadi chuma kiwe cheupe, futa kwa mafuta taa, paka nyekundu. Ikikauka, Ireri anakuja na nyeusi yake juu. Ninamwambia nyekundu ndiyo inayozuia kutu, nyeusi ni urembo. Anajibu kwamba urembo ndio Bwana Mkubwa anaouona. Huyu mtu wa Kibugu hana adabu, lakini bila yeye ningekuwa naongea na magurudumu.

Tangu waliposhika watu Nairobi mwaka jana, mimi nikiwemo, wakatuchuja kama unga, sijaona uso wa mtu wa nyumbani. Wakanileta hapa Embu kwenye yadi ya serikali kwa sababu nilisema ninajua kupaka rangi. Geti hatupiti. Niliomba pasi ya kwenda Meru. Karani alicheka, akamwita mwenzake ili naye acheke.

Karwirwa hajui kama mumewe Kiogora yuko hai. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaitazama. Ndiyo. Hajui.

Jumatano, 9 Februari

Nyapara wetu, Rwamba, ametuambia tuharakishe. Lori hili linakwenda Githongo kubeba mawe na miti ya kijiji kipya — watu wote wanahamishiwa humo, na handaki linachimbwa kukizunguka.

Githongo! Nyumbani kwangu. Nilijifanya nakohoa.

Mchana nikamfuata dereva, Njura. Nikamuuliza kwa mbali tu, kama anaweza kubeba neno kwa mtu. Akaniambia aliyebeba neno mwezi wa kumi yuko kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani sasa hivi, anavunja mawe. Hata hakutaka kujua ni neno gani. Simlaumu. Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, imefanya kila mtu aogope mdomo wake.

Barua nilishatuma. Karwirwa hasomi, na anayewasomea watu huko ni karani wa homgadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali. Haikurudi hata salamu.

Jumamosi, 12 Februari

Nimefanya jambo. 

Kwetu kila nyumba ina alama yake ya mizinga ya nyuki. Yetu ni upinde, na vijiti viwili vinavyoning'inia chini yake. Baba aliichonga, nami nachonga hiyohiyo. Karwirwa anaijua kuliko uso wangu. Asali yote aliyowahi kuonja nyumbani kwangu ilitoka kwenye mzinga wenye alama hiyo.

Nimeipaka kwa nyekundu ndani ya fremu, kile chuma cha nyuma kinacholala upande kwa upande. Nilikuwa chali, kichwa kikielekea nyuma ya lori, nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu nikapaka haraka. Wanawake ndio wanaobebeshwa mawe, nao lazima wapumzike, na huko kivuli ni cha lori tu. Mtu akikaa chini yake ataiona.

Ireri alipofika na nyeusi nilimwomba asipake hapo. Alinitazama kidogo, kisha akasema rangi imemwishia. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jumapili, 13 Februari

Lori limeondoka. Leo nimeimba tenzi zote kwenye ibada ya humu yadini, hata zile nisizozijua. Nimekula vizuri. Nawaza tu: ataiona, atanyamaza, atacheka moyoni. Atamwambia mama jikoni. Watajua niko hai, na niko mahali penye rangi.

Ijumaa, 18 Februari

Njura amerudi. Alikuwa akiwasimulia wenzake kwenye maji, nami nikijifanya nafua shati.

Anasema wamama wa Githongo ni watu wa ajabu. Watatu walikaa chini ya lori kupumzika. Mara mmoja akatoka anatambaa, akasimama, akaweka mikono kichwani, akaanza kupiga nduru. Wenzake nao wakaanza. Homgadi akawafukuza kwa fimbo na bado wakalia. Njura akafikiri ni nyoka. Akachungulia. Hakuna nyoka, ila michoro fulani nyekundu.

Wenzake wakacheka. Mimi nilibaki na shati mkononi.

Kwa nini nduru? Nduru ni ya msiba.

Ijumaa hiyohiyo, kabla ya chakula

Mungu wangu.

Nimekwenda kulala chini ya lori jingine, palepale, vilevile. Nikarudisha kichwa nyuma, nikatazama. Nikamwona Rwamba anapita — miguu juu, kofia chini.

Niliipaka chini juu! Kwangu mimi niliyelala ilikuwa sawa. Kwa mtu aliyekaa, upinde umekuwa bakuli na vijiti vimesimama juu yake. Na kwetu mwenye mzinga akifa, mzinga wake hushushwa, alama ikachongwa upya imepinduliwa, ndipo majirani wajue hakuna tena mwenyewe. Babu alipofariki Baba alifanya hivyo. Niliushika mzinga kwa mikono hii.

Nimemtumia mke wangu habari ya kifo changu. Mimi mwenyewe, kwa brashi ya serikali. Ningekaa kimya angalau angekuwa anangoja.

Jumanne, 22 Februari

Sili. Ireri amekula ugali wangu na kunilaumu kwa kumnenepesha.

Lori limekuja tena, springi imevunjika. Njura amemwambia Rwamba habari za ile michoro, Rwamba akamwambia Bwana Mkubwa. Bwana amepiga magoti kwenye vumbi na kaptula yake nyeupe, akachungulia. Anaamini ni ishara ya watu wanaopigana msituni. Ameamuru ifutwe. Atakayeonekana anachora tena, ni Manyani. Wapakaji wa nyekundu tuko wengi humu, kwa hiyo tumetazamwa wote kwa jicho moja.

Nimeifuta mimi mwenyewe. Ireri akapaka nyeusi.

Njura anasema yule mama aliyelia sasa amenyoa kichwa. Alisimama kando ya barabara akilitazama lori mpaka likapotea. 

Nywele za Karwirwa. Zile alizokuwa akizisuka Jumamosi mlangoni, mdomo umejaa maneno ya kunichokoza.

Alhamisi, 24 Februari

Lori linaondoka kesho alfajiri, Githongo tena. Springi mpya inahitaji nyekundu, na Rwamba amenipa mimi.

Safari hii sikulala. Nilipiga magoti. Kwanza nikajaribu kwenye kifuniko cha mkebe, nikakizungusha, nikakitazama, nikakizungusha tena, mpaka nikawa na hakika. Haraka haraka haina baraka, nimelipia somo hilo. Kisha nikapaka palepale pa zamani. Upinde juu. Vijiti chini. Wima kama mtu aliyesimama.

Ireri alikuwa nyuma yangu na nyeusi yake. Nikamwambia ni kwa sababu ya mke wangu. Akaniuliza kama ni yule aliyenyoa. Nikaitikia. Akachovya brashi, akapaka pembeni yake taratibu, akaizunguka kama mtu anayepalilia maharagwe.

Ijumaa, 25 Februari

Limeondoka. Nililisikia likipanda kilima. Kwa sasa limeshavuka mto Thuci.

Lakini kifuniko! Nilikiacha kwenye majani. Rwamba amekiokota.

Tumekalishwa nyuma ya stoo, wapakaji wote, askari na bunduki mbele yetu. Tunaitwa mmoja mmoja. Ninaandika goti likiwa limeficha daftari.

Ireri ametoka sasa hivi. Ameketi, amenong'ona bila kugeuza shingo. Rwamba hakumuuliza nani alichora. Amempa kifuniko tu, akamwambia, "Shika, nioneshe juu ni wapi." Kifuniko ni mviringo, hakisemi kitu. Ireri hajui, akakishika hovyo, wakamwachilia. Rwamba ni mtu wa Mbeere, baba yake alikuwa na mizinga. Anajua mtu hawezi kukosea alama yake.

"Wewe kishike chini juu," Ireri ameniambia. "Utoke, ndugu yangu. Ni kifuniko tu."

Ni rahisi. Bakuli na vijiti viwili juu yake, nirudi kwenye brashi yangu jioni.

Ila mikono inakataa hata kwa kuwaza. Nilishajiua mara moja kwa bahati mbaya, na mtu akanyoa kichwa. Huko Githongo wanawake wanakaribia kukaa kivulini.

Wamemwita aliye mbele yangu. Nimefuta mikono kwenye majani. Nyekundu haitoki.

Rwamba amesimama mlangoni na kifuniko. Anasema, "Kiogora."