Mwalimu Masika, tumeisoma karatasi ya robine

Mwalimu Masika,

Ni mimi Katungu, yule mama wa mtaa wa Beu, muuza sombe ya majani ya muhogo, uliyemfundisha kusoma katika chumba cha nyuma ya kanisa. Barua hii imenichukua wiki mbili, naandika mchana wateja wanapopungua sokoni. Binti yangu alitaka kuisahihisha, nikamkatalia. Wewe umeshazoea mkono wangu.

Tulikuja Butembo kukuzika, sisi wanafunzi sita. Mama yako akatuuliza sisi ni nani wako. Tukatazamana, maana sote tulikuwa tumekupita umri. Mzee Kakule akajibu, "Sisi ni batoto yake ya masomo." Watu wakacheka katikati ya machozi, na mimi nikalia kuliko wote. Homa ya siku nne tu, Mwalimu. Siku nne.

Nikuambie jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai: siku ya kwanza nilikuchukia. Nilikuja na daftari jipya nikitaka a, e, i, o, u. Wewe ukatuuliza, "Bamama, asubuhi mukiamuka, ni kitu gani inawasumbua kwanza?" Nikasimama. "Mimi nilikuya kusoma, hapana kuulizwa maulizo. Unaweza kuwa mutoto wangu!" Hukukasirika. Ulisema, "Njo maana ninakuuliza, mama. Mimi sijue asubuhi yako."

Mtu mmoja akasema maji. Hata hapo hukuandika. Tulizungumza saa nzima: nani anachota, nani anangoja, nani alipanga iwe hivyo. Nilidhani unatupotezea muda. Ndipo ukaandika MAJI, ukalikata vipande viwili, MA na JI, ukavibadilishia a, e, i, o, u, ukatuachia tuvigeuzegeuze. Ikatoka mama, ikatoka jamaa, ikatoka moja. Neno nililolipata peke yangu lilikuwa mimi. Nililitazama mpaka ukanigusa bega.

Ulipokufa, chumba kilifungwa. Tulingoja tuletewe mwalimu mwingine, hakuja mtu. Nikarudi kwenye sombe zangu.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwenye robine, lile bomba la maji la mtaa wetu.

Unaikumbuka ile karatasi iliyobandikwa ukutani, ndani ya plastiki? Baba Muhindo, mshika ufunguo, alikuwa akituonyesha kwa kidole miaka yote: "Karatasi inasema badeplase banachota nyuma." Basi waliokimbia vijiji vyao walikuwa wakisimama kando mpaka sisi wenyeji tumalize. Yuko mama mmoja, Kahindo, aliyekimbia na watoto watatu. Walipofikisha maji nyumbani, shuleni somo la kwanza lilikuwa limekwisha, na mwalimu alikuwa akiwaacha nje. Asubuhi moja binti yake mkubwa akaniambia ameacha shule. Alikuwa anaona haya kusimama nje kama mwizi. Alisema hivyo huku akinisaidia kuinua bidoni yangu ya maji, mimi niliyekwisha kuchota. Hilo lilinichoma.

Nikaweka bidoni chini, nikaenda kwenye karatasi. Nikasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, watu wakipiga kelele nyuma, "Mama, songa!" Nikaisoma mara mbili. Neno la badeplase halimo. Kilichomo ni hiki, nakumbuka kila herufi: kamati itachaguliwa kila mwaka na wote wanaochota maji hapa.

Mwalimu, nikageuka, nikamwita mshika ufunguo mbele ya watu wote.

"Baba Muhindo, ile neno ya badeplase iko wapi? Unionyeshe."

"Tangu lini wewe unajua kusoma?"

"Tangu Mwalimu Masika. Unionyeshe tu, baba."

Kidole chake kikapanda, kikazunguka, kikasimama chini kabisa, mahali peupe kando ya muhuri, pasipo na neno lolote. Hapo nikafahamu. Hajui kusoma. Miaka yote alikuwa anarudia yale aliyoambiwa na mshika ufunguo aliyemtangulia.

Jibu la kumwaibisha lilikuwa mdomoni mwangu, na lilikuwa tamu. Lakini nikakumbuka siku nilipomcheka Mzee Kakule aliyeshika kitabu juu chini. Hukunigombeza. Uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Katungu, na wewe nani alikucheka?" Walionicheka mimi walikuwa wengi, Mwalimu.

Nikalimeza lile jibu. Nikamwambia, "Herufi ni ndogo, baba. Tuisome pamoja." Nikasoma kwa sauti, yeye amesimama karibu yangu, macho kwenye karatasi, hata mtu angedhani tunasoma wawili. Kahindo akaita kutoka nyuma, "Rudilia pale kwa wote!" Nikarudilia. Akasema tena, "Rudilia." Nikarudilia.

Tulichagua kamati Jumapili, baada ya ibada na misa, kwa kuinua mikono. Nikuambie ukweli, nilidhani ufunguo watanipa mimi. Nilipata mikono minne. Walimrudishia Baba Muhindo, kwa sababu anafungua mapema na hajawahi kutanguliza watu wa nyumba yake. Kahindo akaingia kwenye kamati kwa mikono mingi kuliko sisi wote. Nilinuna siku mbili nzima. Kisha nikajiuliza: kumbe nilitaka watu wachague, ao nilitaka wanichague?

Sasa kila mtu anachota kwa zamu ya kufika. Binti wa Kahindo amerudi shuleni. Bado anachelewa mara moja moja, lakini siku hizi ni kwa sababu ya kupiga domo njiani.

Baada ya hapo Kahindo akaja kwenye meza yangu ya sombe. Hakununua. Akauliza, "Na sisi tutasomea wapi?" Tukaenda wawili kwa mchungaji, akatufungulia chumba. Tuko kumi na mmoja. Chaki nimeshika mimi, kwa kuwa hakuna mwingine, na maandishi yangu yanateremka ubaoni kama maji ya mvua. Wiki ya tatu Baba Muhindo akaingia, akaketi karibu na mlango, akasema anamngoja mke wake. Mke wake alikuwa nyumbani, sote tulijua. Hakuna aliyecheka. Mzee Kakule akamsogezea daftari.

Alhamisi iliyopita waligombana juu ya neno la kujifunza. Vijana wanataka neno kazi, Kahindo anataka neno kurudi. Kelele zikazidi, nikaanza kuandika neno langu mwenyewe ili yaishe. Kahindo akasema, "Mwalimu, ngoja, bado hatuyamaliza kusema."

Niliposikia anaita "Mwalimu", niligeuka nyuma kukutafuta. Kweli, Mwalimu, niligeuka. Kisha nikaona wote wananitazama mimi.

Kwa hiyo naahidi jambo moja, na unishike kwa hilo: sitawaandikia neno ambalo hawajalisema. Na wakiniuliza nisilolijua, nitasema sijue, tutafute wote, hata mbele ya vijana. Itaniuma, unanijua.

Pumzika, mwalimu wangu mdogo. Wasingya, asante kwa yote, asante na kwa yale niliyokuwa nayakataa. Wanafunzi wameanza kufika hapa chumbani, wanagombana tangu njiani. Naenda kuwasikiliza.

Katungu