Mkojo wa Kuazima

Kalunde mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujasoma. Tabora jua linachoma, na asali ya hapa nimeila mpaka nyuki wananipa shikamoo. Lakini wewe unangoja habari za baba yako. Tangu alazwe chumba cha wagonjwa mahututi, madaktari wanahofia figo. Kila asubuhi wanapima mkojo wake, wanatafuta zile alama za kuonyesha kama figo zimevimba na kuumia. Jana kwenye mfuko wa mkojo kulikuwa na matone tu.

Mimi siwezi kutazama kaka yangu anakwama. Nikamwambia nesi, "Chukua wangu. Sisi ni tumbo moja, na figo zangu hata fahali wa kule kijijini Ziba anazionea wivu."

Nesi mwenyewe Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara. Akanitazama juu mpaka chini. "Nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka kwetu pwani, hamkuchoka? Sasa mnabebeana hata mkojo?"

Daktari mwenyewe akacheka. Baba yako, ambaye alikuwa hajatamka neno tangu tumfikishe, akafumbua jicho moja. "Nesi, wa huyo usipime. Utakuta uongo mtupu."

Leo mfuko umefika nusu, na zile alama zimeanza kushuka. Daktari anasema ni dawa na dripu. Mwache aseme, aliyemwamsha mgonjwa namjua mimi. Mwambie mama yako ale, alale usingizi.

Akupendaye sana,
Baba yako mdogo