Spika la Besi Ndani ya Mtungi Wangu

Jumanne, Machi 1996

Haya, besi limeshinda. Fundi redio alimwambia mume wangu, "Shemeji, chukua spika ndogo mbili, utasikia muziki wako ulivyo kweli." Hasikii! Kaleta dude la besi, kalitia kwenye mtungi wangu wa maji lingurume zaidi, chumbani humo humo anamotengenezea nyimbo zake za kinanda.

Nikamtania, "Baba Neema, umeoa mke wa pili?"

Akaliwasha. Udongo ukanidondokea kichwani.

Nyumba tofali mbichi, mvua wiki nzima. Asubuhi ufa wa ukutani haukupitisha ukucha, jioni nimeingiza kidole kizima.

Nikamwambia azime, atoke humo. "Namalizia wimbo mmoja tu, mama."

Nimemhamishia Neema jikoni, nje huku. Besi nalisikia. Likinyamaza namwita baba yake, anaitika anacheka.

Naogopa atakaponyamaza na yeye.